Diwani, Mimi na Kamba ya Bendera

Jamani, bora niwasimulie mwenyewe, maana watu wa Ruangwa wakisimulia wao wanaongeza chumvi, wanasema eti nililia mbele ya wazazi, na mimi sikulia, jasho tu liliniingia machoni. Mengine yote wanayosema ni kweli. Nimeaibika mara nyingi maishani (niliwahi kumsalimia mwanasesere wa dukani nikidhani ni muuzaji), lakini ile ya siku ya wazazi haina mwenzake, na mpaka leo nikipita ile barabara ya kwenda Namungo nashusha kofia hadi kwenye nyusi.

Nilikuwa chuo cha ualimu Nachingwea, miaka ya tisini inaelekea mwisho, nachukua Kiswahili na Historia, na nilichagua hayo masomo kwa sababu moja tu, kwamba hayana hesabu. Sasa hebu fikiria, tunafika mwaka wa pili tunaambiwa kuna somo la lazima kwa wote, hata wa Historia, hata wa michezo, hata wale wa sanaa waliokuwa wanachonga vinyago tu: Hisabati ya Jumla. Usipofaulu, cheti usahau. Mimi siku hiyo nilishindwa kula ugali.

Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja wa Kimakonde, tukimwita Madamu Anastazia, mfupi, sauti kama kengele. Siku ya kwanza akatuambia, "Sitaki kuwafanya ninyi wanahisabati, mmeshachelewa. Nataka tu muache kuogopa, msije mkawaogopesha watoto wa watu." Basi akawa anatuonjesha kila kitu kidogokidogo, leo seti, kesho mantiki, kesho kutwa uwezekano wa mvua kunyesha, na mimi katika vyote hivyo nilikuwa naandika tarehe daftarini kwangu, nakunja mikono. Mpaka siku alipoleta vitambaa.

Alikuja na vipande vya kanga kuukuu, akawaita wanafunzi wawili mbele. Mmoja akamfunga kipande kifundo hiki cha mkono na kifundo kile, kama mtu aliyetiwa pingu ndefu. Wa pili akamfunga vilevile, lakini kamba yake ikiwa imepita ndani ya kamba ya mwenzake, kwa hiyo wakawa wamenaswa. "Achaneni," akasema Madamu, "bila kufungua fundo wala kukata." Walijipindua wale, wakarukana, wakakumbatiana mpaka darasa zima limelala juu ya madawati kwa kicheko, wapi! Kisha Madamu akashika katikati ya kamba ya mmoja, akaikunja, akaipenyeza chini ya kitanzi cha kifundo cha mwenzake, akaivusha juu ya vidole, akavuta. Wakaachana! Fundo zote zipo! "Na hii ni hisabati," akasema, "hisabati ya maumbo, haina namba hata moja."

Haina namba hata moja! Mimi nilisimama kwenye kiti. Nikajiambia Athumani, Mungu amekukumbuka. Tangu siku hiyo nikawa bingwa wa kamba chuoni, nawafunga watu bwenini, nawafunga watu jikoni, nikawa nafanya hata nimefumba macho, na mwenzangu wa mazoezi alikuwa Devota, binti wa Masasi, mpole, tunatumia kanga zetu zilezile zilizolainika.

Ikafika wakati wa mazoezi ya kufundisha, mimi na Devota tukapangiwa shule moja Ruangwa, na Madamu akasema kila mmoja wetu atapimwa somo lile kwa kuonyesha mada moja mbele ya watu, si mbele ya darasa tu, bali watu wa kijiji, wazazi, ili nao waache kuogopa. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Nandonde, akasema hakuna shida, siku ya wazazi inakuja, mtafanya siku hiyo hiyo, na mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa Diwani.

Siku ikafika. Turubai limefungwa, wazazi wamejaa, mbuzi wamepikwa tangu alfajiri, na jioni kuna mechi, timu ya kijiji na timu ya wachimbaji kutoka Namungo, kwa hiyo hata wasio na mtoto shuleni walikuja. Diwani akafika, baba mtu mzima, mnene, suti ya kaunda ya kijivu, kofia ya kushonwa kwa mkono. Akatoa hotuba, akatoa zawadi: kamba mbili mpya za nailoni, moja ya bendera, kwa sababu bendera ya shule ilikuwa inapanda kwa kamba ya katani iliyoungwaungwa na kila asubuhi inakwama katikati, na ya pili ya ndoo ya kisima, ambayo kina mama walikuwa wameilalamikia tangu masika. Watu wakapiga vigelegele. Mwalimu Nandonde alizipokea zile kamba kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Hapo ndipo zamu yangu ilipofika, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu dogo, dogo kabisa. Nilikuwa na vitambaa vyangu mfukoni. Lakini nikaziangalia zile kamba mpya, bluu, zinang'aa, nikaangalia vitambaa vyangu vimechakaa, nikaona aibu. Nikasema, "Mwalimu Mkuu, naomba niazime hizo." Devota akanivuta shati akaninong'oneza, "Athumani, hatujazijaribu." Nikamwambia kamba ni kamba.

Kamba ni kamba! Mimi huyo!

Nikawaeleza watu kitakachotokea, nikamwita Devota mbele, na Diwani akasimama kitini. "Hapana," akasema, anacheka, "hao wawili wamezoeana. Nifunge mimi." Turubai zima likalipuka kwa makofi. Mtu mwenye akili angesema Mheshimiwa, wewe ni mgeni wetu, pumzika. Mimi nilitazama upande aliokaa Madamu Anastazia na karatasi yake ya alama, nikasema, "Karibu sana, Mheshimiwa." Tena nikaongeza, ili ionekane hakuna ujanja, "Na atufunge mtu yeyote kutoka kwa wazazi!"

Akainuka Chande. Chande alikuwa kijana wa miraba minne, kazi yake kushona na kufunga magunia ya ufuta msimu wa mauzo, na ndiye golikipa wa timu ya kijiji. Alitufunga kama gunia linalokwenda Dar es Salaam. Kamba zilikuwa ndefu, kwa hiyo kilichozidi akakizungusha kwenye vifundo vyetu raundi baada ya raundi, akaweka goti kwenye mkono wangu, akavuta, akakaza, akapigapiga fundo kwa kiganja, akasema, "Hapo hata ng'ombe hatoki." Kisha akaenda zake uwanjani kupasha misuli.

Nikajikohoza. Nikashika katikati ya kamba yangu, nikaikunja, nikaipeleka kwenye kitanzi cha kifundo cha Diwani ili niipenyeze. Haikupenya. Nikajaribu upande wa pili. Haikupenya. Nikatafuta upenyo kwa ukucha, hakuna, kamba na ngozi vilikuwa kitu kimoja. Hapo nikajua nimekwisha. Maana ujanja wote ule, jamani, unategemea kitanzi kipwaye kidogo kwenye mkono, na mimi kwa miezi yote ile nilikuwa nimezoea vitambaa vya kupwaya, sikuwahi kujiuliza kisipopwaya inakuwaje.

"Tayari?" akauliza Diwani.

"Bado kidogo, Mheshimiwa. Hebu inua mguu."

Kwa nini nilimwambia ainue mguu hata leo sijui, mguu hauhusiki kabisa, lakini watu walikuwa wanatazama na lazima kitu kifanyike. Akainua, nikapita chini, akageuka, nikageuka, kofia yake ikaanguka, tukajikuta tumepeana migongo mikono ikiwa juu kama tunacheza ngoma ya harusi, na kila tulipojivuta zile fundo zikazidi kuuma. Watoto walikuwa wanalia kwa kucheka. Nikamwona Madamu anaashiria kwa vidole, "Kitanzi! Kitanzi!" kama vile nimesahau. Sijasahau, Madamu, kitanzi hakipo!

Mzazi mmoja akasema leteni kisu. Mwalimu Nandonde akaruka. "Kamba ya bendera haikatwi! Hiyo ni mali ya serikali, tena imekabidhiwa leo leo!" Basi ikateni hiyo nyingine, mtu akasema. Kina mama wakasimama kwa pamoja, na mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Thubutu! Kisima kile kirefu, mkiunga kamba ndoo itabaki chini. Akae hivyo hivyo!" Watu wakapiga makofi. Diwani mwenyewe, mtoa zawadi, angesemaje? Akasema hapana, zisikatwe, tutafunguliwa taratibu. Wakaja watu na kucha zao, wakaja na meno, mzee mmoja akaja na msumari, fundo la Chande halikujali. Chande akafuatwa uwanjani, akajibu yuko mazoezini na kapteni wake amekataa asitoke, waje wao.

Na chakula kikawa kimeiva. Mheshimiwa hawezi kukaa na njaa, basi tukaketishwa meza kuu, mimi mwanafunzi wa chuo, meza kuu, na wali umepakuliwa na nyama ya mbuzi ya mafuta inameremeta. Sasa sikilizeni. Kila Diwani alipopeleka tonge mdomoni, kamba yake iliivuta ya kwangu, na mikono yangu miwili ikapanda juu. Akishusha, inashuka. Mshereheshaji akadhani naomba nafasi ya kusema. "Mwalimu, tafadhali, unasemaje?" Nikasema sina neno. Tonge jingine, mikono juu. "Mwalimu amenyoosha tena!" Mimi nilikula pale alipokuwa anatafuna tu, na alikuwa hatafuni sana.

Baada ya kula akaninong'oneza kwamba anakwenda msalani. Sitasimulia yote, yeye ni mtu mzima na ana wajukuu. Niseme tu kwamba choo kilikuwa na pazia la gunia, yeye ndani, mimi nje nimegeuza uso, mikono yangu imeingia hadi viwiko, na kundi la watoto limesimama mbali kidogo linaangalia. Akasema kwa ndani, "Mwalimu, sema kitu kwa sauti, wasisikie." Kilichonijia ni jedwali la saba. Nikaanza kwa nguvu, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, nikaenda vizuri, nikafika saba mara nane nikakwama.

"Hamsini na... nne!"

"Na sita, mwalimu," sauti ikatoka nyuma ya gunia. "Hamsini na sita."

Tulipokuwa tunarudi, pole pole, bega kwa bega, akanieleza kwamba hiyo saba mara nane alichapwa mpaka ikaingia, na ndiyo pekee iliyobaki kichwani mwake, nyingine zote ziliondoka siku alipoacha shule kwa kuogopa fimbo za hesabu. "Nilipokusikia unasema leo hakuna namba," akasema, "nikasema na mimi nisimame, watoto waone mtu mzima haogopi. Usione tabu." Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kweli. Ningekuwa nimemkosea mtu mkali asiye na utu ningevumilia, lakini huyu baba alikuwa ameniamini.

Saa ya mechi ikawadia. Diwani ndiye wa kukagua timu, kwa hiyo nikakagua naye. Nikapeana mikono na wachezaji wote wa kijiji, nikapeana mikono na wote wa Namungo, na mchimbaji mmoja nikamsikia anamuuliza mwenzake, "Huyu kakamatwa?" Tukamfikia Chande. Akajaribu fundo, lakini vidole vyake vyote alikuwa amevizungushia plasta kwa ajili ya mechi, vikawa vinateleza. "Nisubirini nyuma ya goli," akasema, "mpira ukienda mbele nitakuwa nakuja."

Tukakaa nyuma ya goli. Watu wote macho uwanjani, hata Madamu alikuwa akishangilia, nadhani ameshanikatia tamaa. Diwani akawa anajipangusa mkono kwenye nyasi, analalamika mafuta ya mbuzi yameteremka mpaka kwenye kifundo. Nikatazama. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinang'aa, na kamba, jamani, kamba ilikuwa inateleza! Imepwaya! Kidogo tu, upana wa kidole, lakini sikuhitaji zaidi. Nikakunja kamba yangu, nikaipaka mafuta yaleyale, nikaipenyeza chini ya kitanzi, ikapita, nikaivusha juu ya vidole vyake, nikavuta.

Tukaachana. Yeye huku, mimi huku, fundo zote zipo.

Diwani alitazama mikono yake kama ni mara ya kwanza kuiona, kisha akapiga ukelele ambao sijasikia mtu wa cheo chake akiupiga. "Tumetokaaa!" Na Chande, aliyekuwa hatua chache mbele yetu, akageuka kuangalia. Akaachama. "Ebwana eeh!" akasema. Na wakati huo huo mpira ukampita sikioni ukaingia wavuni.

Hakukuwa na goli jingine. Kijiji kikalala bao moja, kwa timu ya Namungo, nyumbani, siku ya wazazi. Watu walikuja nyuma ya goli kwa hasira wakitaka kujua nani aliyepiga kelele, na Diwani (nilimpenda sana kabla ya hapo) akaninyooshea mkono mimi. Nilikimbilia ofisi ya Mwalimu Mkuu, nimefungwa bado mikono yote miwili, kamba inaning'inia kati, nyuma yangu Mwalimu Nandonde anapiga kelele nisiiburuze chini.

Sasa Madamu Anastazia hakuona chochote. Akaketi ofisini na karatasi yake, akasema, "Mimi nilichokiona ni mtu aliyemfunga kiongozi mchana kutwa." Nikaapa kwa Mungu kwamba tulitoka. Akauliza shahidi ni nani, Diwani ameshafunguliwa kamba yake na ameondoka. Akaitwa Chande, anatoka jasho na huzuni, akaanza kufungua fundo zangu huku akijibu. "Mimi nimeona kwa macho yangu, Madamu. Alitoka bila kufungua. Ningekuwa sijaona nisingefungwa."

Madamu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanigeukia, akauliza swali moja tu, kwa nini mchana ilishindikana na jioni ikawezekana. Nikamweleza, kwamba kitanzi kikibana, mkono na kamba vinakuwa kama kitu kimoja, njia hakuna, na kikipwaya hata kidogo njia ipo, na kwamba yeye Madamu alituambia "kitanzi kipwaye" siku ile ya vitambaa ila mimi niliona ni maneno ya kujazia tu. Akaandika alama. Nilifaulu, si kwa mbali, lakini nilifaulu, na Devota aliyefanya uwezekano kwa punje za korosho bila kumuumiza mtu alipata zaidi yangu.

Mngedhani mkasa umeishia hapo. Haukuishia. Mfanyabiashara mmoja wa ufuta aliyekuwepo uwanjani alipanda lori kesho yake kurudi kwao Chiola, na Chiola ndiko kwetu, na alipofika akamwambia mtu, na yule mtu akamwambia mtu, na habari ikamfikia mama yangu hivi: Athumani amefungwa Ruangwa, pamoja na diwani.

Mama yangu Kiswahili chake ni cha sokoni tu, yeye ni wa Kimwera, na neno kufungwa kwake lina maana moja. Alifunga kanga kiunoni, akachinja kuku, akamkaanga, akapanda lori la kwanza. Alifika kituo cha polisi Ruangwa analia, na kuku kwenye kikapu, akawaambia askari mwanae hajawahi kuiba hata embe, kama kuna mtu kaiba ni huyo diwani. Askari wakatafuta mahabusu, hakuna Athumani. Wakatafuta diwani, hakuna diwani. Wakaanza kuogopa kwamba labda wamepoteza wafungwa. Mpaka askari mmoja aliyekuwa kwenye mechi akaelewa, akamleta mwenyewe hadi shuleni kwa baiskeli, mama amekaa nyuma, kuku mkononi.

Nilikuwa darasani nafundisha. Mlango ukafunguliwa, mama akaniangalia juu mpaka chini, akanishika vifundo, akaona alama za kamba.

"Walikufunga hapa?"

"Ndiyo, mama, lakini ni hisabati."

"Wamekufunga kwa hisabati?"

"Nilijifunga mwenyewe, mama. Na diwani."

Akaniachia vifundo. Kisha akamgeukia yule askari, akampa kikapu. "Kula wewe, mwanangu," akamwambia. "Huyu hana shida." Akafuata njia ya kurudi stendi, nami nyuma yake naomba radhi, na watoto wote madirishani.

Basi hiyo ndiyo aibu yangu. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na hata hiyo Hisabati ya Jumla nimekuja kuipenda, sikatai. Ila kila ninapoona kitu kinafanya kazi vizuri najiuliza kwanza kinataka nini ili kifanye kazi, na kama nikikipeleka kwa watu wengine hicho kinachotakiwa kitakuwepo au nimekizoea tu mimi. Na kufunga mtu, nimekoma, hata kitambaa, hata kwa mzaha. Mwaka uliofuata Mwalimu Nandonde aliniletea ujumbe chuoni kwamba siku ya wazazi imefika tena, Diwani anaulizia kama nitakuja, na Chande amesema safari hii atafunga kwa adabu. Nilimjibu kwamba naumwa, na sikudanganya, maana vifundo vya mikono vilianza kuniuma pale pale niliposikia.